Foxi wa Madame na Mlango wa Darini

Kitu cha kwanza nilichokifanya kilikuwa cha kijinga, na nakisema mapema ili usinishangae huko mbele. Nilichana karatasi kwenye daftari la hesabu, nikaandika jina la njia yetu na namba ya nyumba yetu kwa mwandiko mzuri kabisa, ule ambao kwa ajili yake Frère, mtawa anayetufundisha, hunipa alama zake chache za huruma, nikaipeleka kwa mke wa ofisa wa kizungu wa majandarme, askari wa serikali. Wakati huo baba yangu alikuwa na wiki ya tano amejificha juu ya dari ya nyumba hiyohiyo.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya mbwa.

Wewe unayetamani mbwa mdogo, wale wenye masikio ya kukunjika na mkia uliokatwa, ambao wazungu huwaita fox-terrier na sisi tunakata jina tunasema foxi, kaa chini usome. Mimi sikupata wa kunieleza. Nilijua tu kwamba ni mdogo, na nilidhani kitu kidogo huleta shida ndogo.

Niseme habari ya baba kwanza, maana bila hiyo mbwa ni mbwa tu. Baba ni karani kwenye stesheni ya treni. Amezaliwa hapahapa Lubumbashi, lakini babu yake alitoka Kasai kufuata kazi ya reli, na tangu Katanga ijitenge na Kongo, watu wa Kasai wamegeuka wageni ndani ya nyumba walizozijenga kwa mikono yao. Nchi mpya ilikwisha kupata bendera na stampu na askari wengi. Nadhani ilikuwa bado inatafuta mtu wa kumlaumu. Siku moja mwenzake wa kazini alipita sokoni kwa mama, akajifanya anachagua samaki, akamwambia huku ameinama kwamba jina la baba liko kwenye orodha ya watu watakaochukuliwa. Katika mtaa wetu wa Katuba wengi walikuwa wamekimbilia kambi ya wakimbizi, kwa askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu. Sisi tulichelewa. Njia ya kwenda kambini ilikuwa imejaa vizuizi, na pale kwenye kizuizi jandarme alikuwa anakuuliza jina la babu yako kabla hajakuuliza hali. Ndiyo maana baba alipanda darini kungoja njia ifunguke.

Dari lenyewe alilipigilia yeye mwenyewe, mbao nyembamba zilizopakwa chokaa, na lilikuwa fahari yake, maana majirani walikuwa wanalala wakitazama mabati. Kwenye kona ya chumba cha mbele aliacha mlango mdogo wa ubao, wa kusukuma kwenda juu. Chini yake tulisogeza meza.

Mama yeye ni mtu wa Kasenga, kule Luapula ambako Kibemba kinasemwa mpaka ng'ambo ya maji. Anauza samaki wakavu, na Kibemba chake ndicho kilikuwa pasi yetu. Kwa kila aliyeuliza, baba alikuwa amekwenda Kasenga kufuata samaki kwa wakwe zake. Mama aliisema habari hiyo mara nyingi hivi kwamba alianza kuongeza mambo madogo: baba ameugua tumbo huko, baba analalamikia mbu. Mimi nilikuwa nasikiliza na kumwonea huruma baba wa Kasenga, halafu nakumbuka kwamba yuko juu ya kichwa changu.

Na mimi nilikuwa na kazi. Nikitoka masomo, nilitakiwa kukaa kwenye ngazi ya mbele nikiangalia njia. Nikiona majandarme, niite kuku. "Kuru-kuru-kuru," kwa sauti kubwa, ili baba asikie na asitikisike. Kuku wenyewe tulikwisha kuwala siku nyingi. Hebu jaribu wewe, una miaka kumi na mitano, wenzako wanapiga mpira nyuma ya kanisa, na wewe umekaa kwenye ngazi unalinda kuku ambao hawapo. Mara mbili nilisinzia. Mara ya pili niliamka nikakuta majandarme wawili wamekwisha kunipita, migongo yao tu naiona, na moyo ulinidunda mpaka nikasikia kwenye meno. Sikumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo nilianza kutafuta wa kunipokea zamu.

Wazungu walikuwa wanaondoka wakati huo, si wote, ila wanawake na watoto. Tulikuwa tunakwenda upande wa Karavia, kwenye majumba yenye bustani, kuwaangalia wakifunga mizigo, kwa sababu mizigo ya mzungu haitoshi kamwe kwenye gari na kuna kitu kitaachwa. Rafiki yangu mmoja alipata raketi ya tenisi. Mimi nilipata kiatu cha kushoto. Mbwa hawakuachwa ovyo: walikuwa wanapelekwa kwa daktari wa wanyama kuchomwa sindano ya kulala moja kwa moja. Nilimwona Madame mmoja amesimama kwenye baraza na foxi mweupe mwenye doa la kahawia kwenye jicho, kama mtu aliyepigwa ngumi, na Madame analia. Nikavua kofia. Kwa Kifaransa cha darasa la dini nikamwambia kwamba nyumbani tunapenda sana wanyama wadogo.

Madame alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema hawezi kumtoa kwa mtoto. Alitaka barua ya mama, yenye anwani na sahihi, na atamtoa kesho yake. Pembeni palikuwa na jipu, na dereva wake, jandarme mmoja mrefu, alikuwa analifuta vumbi. Nililiona jipu. Nilimwona jandarme. Macho yangu yakarudi kwa mbwa.

Barua niliiandika kipindi cha hesabu. Ilisema: mimi niliyetia sahihi hapa chini, mama wa familia ya Kikatoliki, nimepata furaha kubwa. Sahihi niliibuni mwenyewe, yenye mkia mrefu uliojikunja chini ya jina mara tatu kama nyoka aliyekanyagwa. Niliifurahia kuliko barua yenyewe.

Madame aliisoma mara mbili, akafuta macho, akanipa kamba ya mbwa. Halafu akaniambia, "Weusi hawapendi sana, lakini atazoea." Alisema hivyo kama vile mtu anavyokuambia kwamba kiatu kitabana kidogo siku za kwanza.

Hapo ndipo uanze kuandika kama unataka kujua mambo ya foxi. Mbwa huyu alikuwa amefundishwa kumbwekea kila mtu mweusi anayefika getini, na mimi nilikuwa nampeleka Katuba. Alibweka kutoka Karavia mpaka nyumbani. Alimbwekea muuza maandazi, aliwabwekea masista wawili weusi na kumwacha wa tatu, mzungu, ambaye alimpapasa. Sauti ya foxi hailingani na mwili. Ni kama mtu amefunga tarumbeta kwenye soksi. Nilipofika kwenye njia yetu, madirisha yote yalikuwa na vichwa.

Jirani yetu, mama mmoja ambaye ulimi wake haujawahi kulala mchana, alisimama kwenye ua wa majani akasema, "Mama, munaleta muzungu mu nyumba?"

"Ni mufupi," mama alimjibu. "Hatakula sana."

Alicheka mpaka jirani akaingia ndani. Halafu alifunga mlango, na kicheko kilibaki nje.

"Weye," aliniambia kwa sauti ya chini, "mu nyumba hii tunatembea bila viatu. Tunapika bila kugonga sufuria. Miye na baba yako tunaongea na mikono. Na weye unatuletea hiki kintu."

Nilimweleza mpango wangu. Mbwa atabweka jandarme akija, baba atasikia, hatuhitaji tena kuku. Mama aliuliza jambo moja tu.

"Na kama jandarme haiko, itabweka?"

"Hapana, mama."

Mbwa alikuwa anabweka wakati wote huo. Alikuwa anambwekea yeye.

Barua sikumtajia. Nilisema mzungu amenipa, basi.

Giza lilipoingia baba aliteremka kama kawaida, kula na kunyoosha miguu. Baba hapendi mbwa. Zamani alikuwa anawarushia mawe kwenye reli. Niliona mwisho wangu umefika. Mbwa alimwona anashuka kwenye meza, mchafu, ndevu zimejaa, chokaa kwenye nywele, akafungua mdomo kubweka. Baba hakumfukuza. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akakaa palepale sakafuni, akaweka mkono chini, kiganja juu, akaangalia kwingine. Mbwa alinusa mkono huo muda wa kusali Salamu Maria tatu. Halafu akapanda mapajani, akajizungusha, akalala.

Sijui alinusa nini. Labda chokaa ilimfanya adhani ni mzungu. Nilimwambia baba hivyo, naye akacheka kwa pua, kicheko cha kwanza tangu apande juu. Alimkatia ngozi ya samaki. Akaanza kumwambia maneno kwa Kiluba cha Kasai, polepole, maneno mengi, ambayo sisi watoto hatuyasikii vizuri maana nyumbani tunasema Kiswahili. Alizungumza na mbwa kuliko alivyokuwa amezungumza na sisi wiki nzima. Mama alikuwa ameshika sahani. Hakumlalamikia tena mbwa usiku huo.

Kwa hiyo jua hili pia: wewe ndiye utakayembeba, utakayemlisha, utakayekosa usingizi na kuokota mavi yake, lakini foxi anajichagulia mtu wake mmoja, na hakuulizi. Mimi alinivumilia. Mama alimbwekea mpaka wiki ya pili. Mtu wake alikuwa baba.

Na mtu wake alikaa darini.

Asubuhi ya kwanza niliamka nikakuta mbwa amekaa juu ya meza kwenye kona, pua imeelekea juu kwenye ule ubao, kisiki cha mkia kinapigapiga meza. Nilimshusha. Akapanda. Niliiondoa meza, akakaa sakafuni chini ya mlango, anaangalia juu, analia kidogokidogo kama mlango usiotiwa mafuta. Baba akijigeuza huko juu, mbwa alikuwa anahama naye chini, hatua kwa hatua, kutoka kona hii mpaka ile. Yeyote ambaye angeingia angeweza kumfuata kwa macho na kujua baba amelala wapi na miguu yake imeelekea wapi. Nilikuwa nimeleta mlinzi. Nikawa nimeleta kidole cha kuonyeshea.

Wiki hizo sikula vizuri. Masomoni Frère aliuliza mito ya Katanga, mimi nikawa nawaza kama jirani ameingia kuomba chumvi. Nilijaribu kila kitu. Nilimfunga uani, alichimba chini ya ua, akatoka, akalia mlangoni mpaka watoto wa njia nzima wakaja kuona. Maana foxi anachimba, hilo nalo hawakuambii. Wazungu wamemzalisha huyo mbwa kwa ajili ya mashimo, kufuata panya na wanyama wa chini ya ardhi. Mama alikuwa amezika kepi ya baba, kofia yake ya stesheni, na vyeti vyake kwenye kitalu cha maharagwe, ndani ya kopo. Siku ya tatu nilitoka masomo nikaikuta kepi kwenye ngazi ya mbele, katikati, imewekwa vizuri kama zawadi, na watu wanapita njiani. Niliikalia. Niliikalia mpaka njia ikawa tupu, kama kuku anayeatamia.

Nilificha kichwa cha samaki chini ya kabati ili aangalie kabati. Alikila, akarudi kwenye kona. Nilimshika kichwa kwa mikono miwili nikakigeuzia dirishani, nikamwambia kwa Kifaransa angalia njia, wewe mjinga, njia. Alinilamba pua, akageuka juu.

"Muache," sauti ya baba ilisema kutoka kwenye mbao, taratibu. "Iko inasali."

Mama alisema imetosha, tumrudishe. Baba akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba, "Mama ya batoto, muiache kwanza." Tangu apande, hakuwa ameomba kitu, hata blanketi. Mama aliendelea kuchambua samaki. Mbwa akabaki, na hofu ikabaki naye.

Jumamosi moja, saa tisa mchana, nilikuwa kwenye ngazi. Jipu lilikata kona ya njia yetu.

Nilijua kuita kuku. Nilikuwa nimeita mara mia. Nilifungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka, pumzi tu. Jipu lilisimama mbele yangu. Akateremka yule jandarme mrefu wa Karavia, bunduki begani, na chini ya kwapa mto mdogo wa kitambaa cha maua. Kwenye mkono mwingine alikuwa na karatasi ya daftari la hesabu. Nilitambua mraba wa mistari yake kabla sijatambua kitu kingine.

"Kuru-kuru," nilisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

Jandarme aliangalia uani. "Kuku iko wapi?"

"Zimeenda kutembea."

"Weye njo kale katoto ka Karavia," alisema, amekwisha kunitambua, akanipita akaingia.

Mama alikuwa sakafuni kati ya vikapu vya samaki. Aliona bunduki, halafu mto wa maua, na nikaona uso wake umeshindwa kuchagua ushike sura gani. Akasimama, akamsalimia kwa Kibemba, akamvutia kiti. Jandarme hakukaa.

"Weye njo mama wa mu barua?"

Mama alinitazama. Sikuwahi kutazamwa namna ile na sitaki tena. Niliinamisha kichwa mara moja, kidogo sana.

"Njo miye," mama alisema.

"Madame anasema unaandika Français muzuri. Aliisoma ku meza, wageni bote banasikia. Anaenda Ulaya juma hii, anataka kujua imbwa iko namna gani. Na anatuma kitanda yake." Akanyoosha ule mto.

"Masista ba zamani njo balitufundisha," mama alisema. Mama amesoma miaka miwili, katekisimu, kwa Kibemba. "Mwambie Madame aksanti mingi. Imbwa iko inakula, iko inalala."

Jandarme aligeuka kumtafuta mbwa. Mbwa hakumbwekea hata kidogo. Huyu alikuwa amepanda naye jipu miezi mingi, alimjua. Alikuwa kwenye kona juu ya meza, pua juu, kisiki cha mkia kinapiga: to, to, to.

"Inaangalia nini?"

Mama alishika kikapu kama anayetaka kukihamisha.

"Panya," nilisema.

Lilikuwa jibu zuri. Nililisifu moyoni kwa muda wa pumzi moja.

"A, panya," jandarme alisema, na uso wake ukafurahi kweli. "Lakini ile njo kazi yake. Ku Karavia iliua panya sita mu garage, asubuhi moja. Juu ya nini hamuipandishe?"

Hilo nalo lijue kabla hujamleta foxi nyumbani: usimtaje panya mbele ya mtu aliyewahi kumwona akiua. Jandarme aliweka bunduki ukutani, akavuta meza vizuri, akaweka juu yake mguu wenye bote, buti la askari. Ukutani, sawa na meza, palikuwa na alama nyeusi za vidole vya miguu ya baba, za wiki saba za kupanda na kushuka. Nilisogea nikazifunika kwa mgongo. Niliwaza kumwangusha. Niliwaza kuikimbilia bunduki, mimi ambaye hata jiwe narusha vibaya.

"Baba, teremka," mama alimwambia jandarme.

Alisema kwa sauti ya sokoni, ile anayowaambia watu wanaobonyeza samaki bila kununua. "Ile plafo ya juu ni mbao nyembamba ya kisigara. Utaanguka na bote zako mu samaki yangu, na mwenye nyumba iko Kasenga, nani atatengeneza? Miye njo naijua. Nitapanda miye."

Jandarme alishusha mguu. Mama alifunga upya kikwembe chake, nguo yake ya kiunoni, akamchukua mbwa kwapani, akaweka mkono kwenye meza, halafu akasimama.

"Sasa utabakia hapo chini unaangalia?"

"Mama?"

"Miye ni mama wa bantu. Niko na umri wa mama yako. Nipande juu ya meza na kikwembe, na mwanaume iko chini yangu, macho juu? Kwenu ni wapi banafanya bile?"

Nakuapia, yule jandarme aliona haya. Mtu mrefu, mwenye mkanda wa risasi, aligeuka haraka akauelekea ukuta, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. "Unisamehe, mama," aliuambia ukuta. Halafu akaongeza kufunika macho kwa kofia.

Mama alipanda. Akasukuma ubao. Kutoka pale nilipokuwa nimesimama niliona giza la mraba, na katika giza hilo mikono miwili ya baba, kucha ndefu, chokaa mpaka kwenye viwiko. Mikono ilimpokea mbwa. Kisiki cha mkia kilipotea juu.

Ukawa kimya. Mbwa aliyebweka kutoka Karavia mpaka Katuba alinyamaza kama amezimwa, na ukimya huo ulinitisha kuliko kelele, kwa sababu mbwa aliyeona panya hanyamazi, na yule mtu wa ukutani alikuwa anajua mbwa.

"Inakamata?" aliuliza ndani ya kofia.

Mama alikuwa bado juu ya meza, kichwa kimeingia darini. Sikusikia alichosema huko, kama alisema. Halafu mbao zikakwaruza. Baba alikuwa anakwaruza kwa kucha zile ndefu, haraka, kisha akaacha, kisha huku, kisha kule, na mbwa akaanza kunguruma, ule mngurumo wa uongo wa mbwa anayechezewa, na mchanga wa chokaa ukatuangukia. Palikuwa na kishindo kimoja. Halafu kimya tena.

"Imekamata," jandarme alisema kwa furaha. "Mingi?"

"Ngoja, iko inakula," mama alisema.

Alirudisha ubao, akashuka, akajipangusa. "Unaweza kugeuka, baba. Tutaiacha kule mpaka imalize. Ukiiteremsha sasa itakuja na damu ku samaki."

Jandarme alikubali, alisema ndivyo ilivyokuwa Karavia pia, isiguswe ikila. Aligeuza ile barua yangu akaiweka mezani, juu ya alama za miguu ya mama, na kalamu. Madame alitaka sahihi nyuma yake, kwamba mto umefika.

Mama alichukua kalamu. Aliigeuza barua upande wa mbele kama mtu anayesoma alichoandika mwenyewe, akaitazama sahihi yangu, ule mkia wa kujikunja mara tatu. Mama huandika jina lake polepole, herufi moja moja, ulimi umebana kwenye meno. Akageuza karatasi, akaandika jina, akavuta mkia: mara moja, mara mbili, na wa tatu ulitoka nje ya karatasi kidogo ukachora meza. Jandarme hakulinganisha. Alikuwa anaangalia samaki.

Mama alimfungia wanne wakubwa kwenye gazeti. Mlangoni jandarme aligeuka.

"Juma ingine nitapita tena," alisema. "Nione kama panya zimekwisha."

"Karibu," mama alisema.

Jipu liliwaka, likaondoka, na hatukutikisika mpaka sauti yake ilipokwisha kabisa, na hata baadaye kidogo. Mama alikaa chini palepale kati ya vikapu, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Mimi nilibaki nimegandamana na ukuta. Nilikuwa nangoja kofi, nililihitaji, nadhani. Juu, ubao ulisogea, na kwenye upenyo ikatokea pua nyeusi, halafu jicho lenye doa la kahawia, halafu, nyuma yake, jicho la baba.

Mama hakuwatazama. Alichukua samaki aliyefuata, akampangusa chokaa, akamweka kwenye kikapu. Aliyoniambia ni haya, na sikuongeza wala kupunguza neno:

"Kesho, kisha misa, utaandikia Madame barua ingine. Sema imbwa iko muzuri, panya yote imekwisha, mutu asikuye tena kuangalia. Na ile signature yangu, uikate mukia. Miye hapana ministre."